Floraidi na Jirani Zake

Ukizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, meno yako yanataja kwenu kabla hujaulizwa. Nililijua hilo vizuri nilipokwenda kusoma Dar es Salaam. Kwenye daladala, au kwenye foleni ya chakula chuoni, mtu alinitupia jicho mdomoni kisha akauliza, "Wewe wa Arusha, eh?" Wengi waliuliza kwa wema. Wachache walidhani sipigi mswaki, na hilo ndilo lililoniuma, maana nyumbani kwetu tulisugua meno kuliko watu wengi ninaowajua. Tulisugua kwa mkaa uliotwangwa, kwa majivu, kwa mchanga laini wa mtoni, mpaka fizi zikatoka damu. Madoa ya kahawia yalibaki palepale.

Kila mtu kijijini alikuwa na maelezo yake. Wako waliosema ni ubaridi wa maji ya mlimani. Wako waliosema ni damu ya ukoo, na ushahidi wao ulikuwa wazi: babu ana madoa, baba ana madoa, watoto wana madoa. Katika picha za harusi za enzi hizo watu wamesimama wamependeza, midomo wameifumba. Dada yangu mkubwa hucheka kiganja kikiwa mdomoni. Sasa ana wajukuu, na kiganja bado kinapanda chenyewe.

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nikiulizwa niliipendea wapi, jibu ni hayo madoa. Kemia haikuyaondoa. Ilinionyesha yanakotoka, na katika kunionyesha ikanipa swali ambalo nimekuwa nalo tangu hapo: ukitaka kujua kitu kitafanya nini, usikitazame peke yake, tazama kimekaa na nani, na kati yao nani anavuta zaidi.

Mwalimu wetu wa kidato cha tatu aliandika namba ubaoni bila maneno mengi. Florini 3.98, oksijeni 3.44, klorini 3.16, kaboni 2.55, haidrojeni 2.20, silikoni 1.90, kalsiamu 1.00, sodiamu 0.93. Akasema hiyo ni nguvu ya atomi ya kuvuta elektroni inaposhikana na atomi nyingine, na inaitwa elektronegativiti. Tukanakili, kengele ikalia.

Mtoto wa huku kwetu anayelala na mdogo wake chini ya blanketi moja mwezi wa saba hahitaji maelezo marefu kuliko hayo. Wakiwa na nguvu sawa, blanketi linakaa katikati. Ndivyo zilivyo atomi mbili za haidrojeni zinapogawana jozi ya elektroni. Mmoja akiwa na nguvu zaidi, blanketi linaegemea kwake. Ndiyo maji, ambamo oksijeni imezisogeza elektroni upande wake na kuziacha haidrojeni zikiwa na upungufu. Mmoja akimzidi mwenzake mbali sana, analichukua lote. Sodiamu inapokonywa elektroni yake ya nje, klorini inaichukua, na kuanzia hapo hazihesabiwi kuwa atomi za kawaida. Zimekuwa ioni, moja ina chaji chanya na nyingine hasi, na chaji hizo zinazovutana ndizo zinazozishikilia pamoja.

Namba zenyewe ziliniachia deni. Nilitaka kujua nani alizipima, na alipimaje nguvu ya kitu kisichoonekana. Jibu nililipata chuoni. Ni Linus Pauling, mkemia Mmarekani, mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 31. Hakuugusa mvuto wenyewe. Alitazama nishati inayohitajika kuvunja vifungo vya atomi. Kuvunja kifungo cha haidrojeni na haidrojeni kunahitaji kilojuli 436 kwa moli. Cha florini na florini ni dhaifu, kama 158 tu. Kama haidrojeni na florini zingegawana elektroni sawa kwa sawa, kifungo chao kingetarajiwa kuwa katikati, karibu 297. Kipimo kinaonyesha kama 567. Ziada ya 270 imetoka wapi? Imetoka kwenye kugawana kusiko sawa. Florini imejivutia elektroni, ncha yake ya molekuli imekuwa hasi na ncha ya haidrojeni imekuwa chanya, na ncha hizo zimeongeza mshiko juu ya ule wa kawaida. Rudia hesabu hiyo kwa haidrojeni na klorini, ziada inashuka hadi kama 92. Kwa haidrojeni na iodini imebaki kama 5.

Nilizirudia hesabu hizo kwa penseli pembezoni mwa daftari, moja baada ya nyingine, na sidhani kama kuna somo lililowahi kunipa furaha ya namna ile. Mtu alikuwa amesoma nguvu ya atomi kwenye tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kazi yake juu ya vifungo vya kemikali ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1954.

Florini inashika nafasi ya kwanza kwa sababu ni ndogo. Kiini chake kina protoni tisa, na elektroni zake za nje ziko karibu nacho, zimetenganishwa nacho na tabaka moja tu lenye elektroni mbili. Imepungukiwa elektroni moja tu kukamilisha tabaka la nje. Ndiyo maana haipatikani ikiwa huru katika miamba na maji yetu. Kila mahali imeshamshika mtu. Ndiyo maana pia wakemia kadhaa wa karne ya 19 waliumia au kufa wakijaribu kuitenga, mpaka Mfaransa Henri Moissan alipofaulu mwaka 1886 kwa kupitisha umeme kwenye asidi yake iliyopozwa sana. Kinachokaa kwenye maji ya kunywa si florini huru bali ni ioni yake, florini iliyokwisha kupata elektroni iliyoitaka. Hiyo ndiyo floraidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha kwa viwango vya maji yetu.

Siku hizi nikifundisha somo hili naanza na vijiko viwili juu ya moto. Kimoja kina nta ya mshumaa, kingine kina chumvi ya mezani. Nta inayeyuka kabla sijamaliza sentensi. Kati ya kaboni na haidrojeni tofauti ni 0.35 tu, kwa hiyo molekuli za nta hazina ncha hasi wala chanya za kumshika jirani, na joto dogo linazitawanya. Chumvi inakaa kavu juu ya moto huohuo, inapasukapasuka kidogo lakini haiyeyuki, kwa kuwa kila ioni ya sodiamu imezingirwa na kloraidi sita na kila kloraidi na sodiamu sita, na kuziachanisha kunahitaji nyuzi 801 za Selsiasi. Kisha nachukua betri, waya na balbu ya tochi. Chumvi kavu haiwashi balbu. Chumvi hiyohiyo ikimwagwa majini, balbu inawaka, maana ioni zimepata nafasi ya kutembea. Maji ya sukari yanabaki gizani, ingawa sukari imeyeyuka humo kabisa: molekuli zake zimegawana elektroni na zinaelea nzima nzima bila chaji. Vifaa vyote hivyo vinapatikana kwenye duka lolote la mtaani, na shule isiyo na maabara inaweza kulifanya somo hili leo.

Lakini maabara kubwa ya tofauti hizi iko kaskazini kwetu. Mimi na wenzangu tulipanda volkano ya Ol Doinyo Lengai usiku, kama wapandaji wengi wanavyofanya ili kulikwepa jua, tukafika juu kunapambazuka. Nilichotaka kuona ni miamba yake. Lava ya volkano nyingi imejengwa kwa silikoni na oksijeni. Tofauti kati yao ni 1.54, kwa hiyo zinagawana elektroni kwa kiasi kikubwa na kujifunga katika minyororo na nyavu zinazoendelea kila upande. Lava hiyo ni nzito na inahitaji joto la juu sana, mara nyingi zaidi ya nyuzi 1,000. Lengai ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina nyingine, yenye kaboneti za sodiamu na kalsiamu. Ndani yake kaboni na oksijeni zimeshikana katika vikundi vidogo vinavyojitegemea, kila kikundi kina chaji hasi, na sodiamu yenye chaji chanya imekaa kati yao. Hakuna wavu. Basi lava hiyo inatoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, nyepesi mno, inatiririka haraka. Ikipigwa na unyevu wa hewa inageuka nyeupe kwa muda mfupi. Nilibeba kipande cheupe mkononi, kikavunjikavunjika kwa vidole. Jiwe lililotoka ndani ya dunia likavunjika hivyo! Mtu akinambia kwamba elektronegativiti ni namba za mtihani tu, namwelekeza huko.

Hapo ndipo hadithi ya meno inapoanza. Miamba na majivu ya volkano za Bonde la Ufa upande wetu, Meru ikiwemo, yana sodiamu nyingi na yana florini ndani yake. Mvua inapenya, inayeyusha, inashuka chini, inaibuka kwenye chemchemi na visima. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, yana floraidi mamia ya miligramu kwa lita. Chemchemi na mito ya kwetu Arumeru inayotumiwa na watu haifiki huko, lakini mingi inapita mbali sana kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi viwango vya Tanzania viliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa kushuka chini ya hapo kungemaanisha kufunga vyanzo ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake.

Kwa nini floraidi ibaki majini hapa, wakati kwingine inakwama ardhini? Hili lilinichukua muda kulielewa, na ndilo lililonifundisha kutoiamini namba moja peke yake. Sodiamu ina 0.93, kalsiamu 1.00. Ukitoa kwenye 3.98 ya florini, tofauti karibu zinalingana, na vifungo vyote viwili ni vya ioni. Mwanafunzi anayetazama tofauti tu atasema sodiamu floraidi na kalsiamu floraidi ni ndugu wa tabia moja. Kumbe lita ya maji inayeyusha takribani gramu 40 za sodiamu floraidi, na kalsiamu floraidi takribani miligramu 16 tu. Sababu ni kwamba kalsiamu hutoa elektroni mbili na kubaki na chaji mbili chanya, kwa hiyo inaikamata floraidi kwa nguvu kubwa zaidi na maji hayawezi kuzitenganisha. Palipo na kalsiamu ya kutosha, floraidi inakamatwa na kutulia kama jiwe. Maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Yanatoa povu la sabuni upesi, akina mama wanayasifu kwa kufulia, na ni kwa sababu hiyohiyo ya uchache wa kalsiamu kwamba floraidi inatembea humo bila kizuizi.

Ikitembea hivyo, mahali pa kwanza inapokutana na kalsiamu nyingi ni mwilini mwa mtoto.

Chuoni nilikuta maktabani habari za Frederick McKay, daktari wa meno aliyefika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia kwenye meno ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Niliisoma habari hiyo nimesimama, katikati ya rafu. Walikuwa watu wa mbali kabisa, wa milima mingine, na hata wao walikuwa na maelezo yao ya mitaani juu ya chakula. McKay alifuatilia miaka mingi. Akaona kwamba aliyehamia pale akiwa mtu mzima hapati madoa. Anayepata ni yule aliyekulia pale meno yakiwa bado yanajengwa. Akaona pia, kwa mshangao, kwamba meno hayo yenye madoa hayatobokitoboki kama mengine. Alishuku maji, lakini vipimo vya wakati ule havikuonyesha kitu. Mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini ya ALCOA, H. V. Churchill, alipima maji ya mji wa Bauxite huko Arkansas kwa njia iliyoweza kuona vitu vya kiasi kidogo sana, akaikuta floraidi. Nilifunga kitabu nikiwa na jambo la kumwambia dada yangu: hakuna ukoo uliolaaniwa.

Enameli, ile ngozi ngumu ya nje ya jino, karibu yote ni madini. Madini hayo yana kalsiamu, fosfeti, na ndani yake mna njia nyembamba zinazopangwa na vikundi vya oksijeni na haidrojeni vyenye chaji moja hasi. Floraidi nayo ina chaji moja hasi, na ukubwa wake unakaribiana sana na wa vikundi hivyo. Inaingia mahali pao, inakaa vizuri kuliko wao, na kalsiamu inaishika zaidi. Jino lililopata floraidi kidogo linastahimili asidi ya bakteria wa mdomoni kuliko jino la kawaida, na hapo ndipo dawa ya meno inapopata nguvu zake. Floraidi ikizidi wakati jino bado linatengenezwa ndani ya fizi, inavuruga kazi ya seli zinazojenga enameli na zinazopaswa kuondoa protini za kati. Enameli inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Jino linatoka likiwa na weupe wa chokaa, kisha chai, chakula na miaka vinaingia kwenye vitundu hivyo na kuacha rangi. Rangi ile si ya floraidi. Na mtoto anayeisugua kwa mchanga anasugua enameli yake ambayo tayari imepungua, jambo ninalolisema kwa nguvu kila mwaka ninapopata darasa jipya.

Palepale Arumeru, kwenye Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Floraidi cha Ngurdoto, wanatumia silaha ambayo kwangu ni moja ya mambo mazuri niliyowahi kuyaona katika kemia: mifupa ya ng'ombe. Mfupa una madini ya jamii ileile ya jino. Mifupa ya machinjioni inakusanywa, inachomwa tanurini kwa hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye chujio, na maji yanapitishwa humo. Floraidi inakutana na kalsiamu na fosfeti ya mfupa kabla haijakutana na ya mtoto, inaingia kwenye njia zilezile nyembamba, na maji yanatoka yameiacha nyuma.

Uchomaji unahitaji jicho. Wanafunzi wangu niliwapangia mezani vipande vitatu kutoka tanuri moja. Cha kwanza kilikuwa cheusi kinachong'aa, kina mafuta mafuta na harufu. Hicho hakijaiva, kitaharibu maji kwa rangi na harufu. Cha pili cheusi kikavu, chepesi, kinachoacha vumbi kwenye vidole. Cha tatu cheupe kama chaki, safi, kinapendeza kuliko vyote. Nikawauliza wangechagua kipi. Wengi walinyoosha kidole kwenye cheupe. Kumbe joto lililozidi limeziba vinyweleo vyake, na floraidi haina pa kuingilia. Kipande cha pili ndicho kinachofanya kazi. Msichana mmoja alikigeuzageuza kile cheusi akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo meno yangu yamekuwa chujio?" Nikamwambia ndiyo, na nikamwambia kwamba ndiyo maana tunataka chujio likae kwenye ndoo.

Chuoni niliwahi kuonyeshwa chupa ya asidi ya haidrojeni na florini. Ilikuwa ya plastiki, kwa kuwa asidi hiyo hula kioo: silikoni ya kioo huiacha oksijeni na kuifuata florini. Pembeni yake, kwenye rafu ileile, kulikuwa na mrija wa jeli ya kalsiamu glukoneti. Fundi wa maabara akaeleza kwamba asidi hii ikigusa ngozi inaweza isiume sana mwanzoni, lakini floraidi yake inapenya ndani kuitafuta kalsiamu, na kalsiamu ya damu ikipungua moyo unaweza kusimama. Dawa ya kwanza baada ya maji mengi ni kuipa kalsiamu nyingine ya kushika. Nilisimama mbele ya ile rafu nikaiona Arumeru nzima mle: jiwe, jino, mfupa, chujio, na sasa damu. Kifungo ni kilekile.

Kuna kanuni ya vitabuni ambayo nimekuwa nikibishana nayo na walimu wenzangu. Inasema tofauti ikizidi 1.7, kifungo ni cha ioni. Ikipungua, ni cha kugawana elektroni. Ni kanuni inayosaidia kwa mtihani, na siwakatazi wanafunzi kuijua. Lakini haidrojeni na florini zina tofauti ya 1.78, na bado zinaunda molekuli zinazochemka kwa nyuzi 19.5 tu. Silikoni na florini zina 2.08, zaidi ya hapo, na zinaunda gesi: atomi nne za florini zimeizunguka silikoni pande zote na hakuna pa jirani kushika. Upande wa pili, sodiamu na haidrojeni zina 1.27 tu, na zinaunda kigumu cha ioni halisi. Katika Teflon, ile ya vikaango visivyogandisha chakula, kaboni na florini zina 1.43, na kifungo chao ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu zaidi katika kemia ya kaboni. Florini zimefunika mnyororo wote, zimeshikilia elektroni zao kwa ukali hata yai halipati cha kung'ang'ania. Florini hiyohiyo inayoishika kalsiamu kufa na kupona, hapa haimshiki jirani yeyote. Pauling mwenyewe aliweka mteremko, si ukuta: kwenye 1.7 kifungo kina tabia ya ioni kwa karibu nusu. Mwanafunzi anayejifunza ukuta atashangaa kila siku. Anayejifunza mteremko atauliza chaji ni ngapi, atomi ni kubwa kiasi gani, zimejipangaje, na atakuwa ameanza kufikiri kama mkemia.

Lakini swali ninaloulizwa zaidi halitoki kwa wanafunzi. Linatoka kwa wazazi, baada ya vikao vya shule. Mama mmoja alinisubiri nje ya ofisi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama, habari za nyumbani?"

"Nzuri. Mwalimu, mimi maji nayachemsha sana. Nayachemsha mpaka yanapungua. Hiyo si inatosha?"

Kuchemsha kunaua vijidudu, na aendelee. Floraidi hakuigusi. Ni ioni, imezungukwa na molekuli za maji zinazoielekezea ncha zao chanya, na haina njia ya kupaa na mvuke. Kinachopaa ni maji. Sufuria inapopungua nusu, floraidi iliyobaki imekolea maradufu. Kwa sababu hiyohiyo mvua ni salama: maji yamepanda angani, floraidi imebaki chini. Bati safi, mfereji na tanki ni kinga nzuri kwa nyumba yenye watoto wadogo. Nikamuuliza kama anatia magadi kwenye makande. Akasema anatia, maharage ya siku hizi ni magumu. Nikamweleza kwamba magadi ya kwetu yanatoka kwenye udongo na maziwa yenye maji yaleyale yaliyokauka, mengi yana floraidi, na mtoto anaweza kuipata nyingi kwenye sahani kuliko kwenye kikombe. Aloweke maharage usiku kucha, amwage yale maji. Na majani ya chai nayo hukusanya floraidi kutoka udongoni, kwa hiyo mtoto asipewe chai nzito.

"Na chujio la mifupa? Jirani analo, anasema maji yake ni matamu."

"Utamu hautakwambia kitu. Mifupa ikishajaa, maji yatapita na floraidi yake na ladha itakuwa ileile. Lazima yapimwe, na mifupa ibadilishwe." Kipimo tunachokitegemea, kilichobuniwa na wakemia Frant na Ross mwaka 1966, kina fuwele ndogo ya lanthanamu floraidi; floraidi zinarukaruka ndani ya fuwele hiyo na kutoa volteji inayosomeka. Nilimwambia alete chupa mbili, moja ya kabla ya chujio na moja ya baada, zote ziwe za plastiki na aziandike jina.

Akamweka mtoto sawa mgongoni. "Basi maji ya mvua nitamwekea huyu. Sisi wakubwa meno yetu si yalishakwisha?"

"Meno ndiyo, mama. Mifupa haijamaliza, inajijenga upya mpaka uzeeni, na floraidi inaingia humo kila siku, ndiyo yale magoti na migongo unayoiona kwa wazee wetu. Yakitosha, mnywe wote. Yasipotosha, aanze huyo."

Chupa zake zililetwa na mtoto wake mkubwa, wa kidato cha pili, na tulizipima pamoja na darasa zima likitazama.